Vichupa vya ugoro vya Kichina: jade, akiki, kioo au pembe, uchukue kipi?

Tuseme umewekewa vichupa viwili mezani, bei moja. Cha kwanza ni cheupe, muuzaji anasema ni jade, na kwenye kitako zimechongwa herufi nne za Kichina zinazotaja utawala wa Kaisari Qianlong. Cha pili ni cha akiki ya kahawia, hakina herufi hata moja, na nakshi yake ni ndege mmoja tu aliyetua juu ya jabali, ndege ambaye fundi alimtoa kwenye doa jeusi la jiwe lenyewe. Wengi wetu mkono unakimbilia cheupe. Mimi ningechukua cha pili, ila si kabla ya kuchungulia ndani ya vyote viwili.

Nje ya kichupa kila mtu anaiona, kwa hiyo anayetengeneza cha kulaghai huweka nguvu zake zote huko. Ndani kuna giza, mdomo wenyewe mara nyingi haupitishi hata penseli, na kazi ya kule yaweza kula muda mwingi kuliko nakshi zote za nje. Aliyetengeneza kichupa cha kutumiwa alilazimika kukiweka wazi ndani ili ugoro upate nafasi na kichupa kisimlemee mwenyewe kwenye mkono wa joho. Aliyetengeneza cha kuwauzia wapita njia hakuona haja hiyo. Ndiyo maana nashikilia utaratibu huu: kazi ya ndani kwanza, jiwe la pili, maandishi ya kitako mwisho kabisa. Wauzaji wengi wanakupeleka kinyume chake.

Kwanza, umri usiowezekana

Ukiambiwa kichupa ni cha nasaba ya Ming, rudisha mezani. Tumbaku ilifika China mwishoni mwa karne ya 16, na desturi ya kunusa ugoro ilishika kasi baada ya Ming kuanguka mwaka 1644 na Wamanchu wa nasaba ya Qing kuchukua kiti. Ulaya watu walitembea na vikebe vya ugoro vyenye mfuniko wa bawaba. China vikebe hivyo havikufaa. Unyevu uliingia, ugoro ukashikana na kupoteza harufu. Wakageukia vichupa vidogo vya dawa, ambavyo tayari walikuwa navyo, wakavitilia kizibo cha kubana chenye kijiko chembamba kilichoning'inia hadi ndani. Umbo hilo ndilo lililobaki: kichupa cha sentimita 5 hadi 8, kinachofunikwa na kiganja.

Mwaka 1696 Kaisari Kangxi alifungua karakana ya kioo ya ikulu mjini Beijing, akamweka Kilian Stumpf, padre Mjesuti kutoka Ujerumani, kuisimamia. Chini ya mjukuu wake Qianlong, aliyetawala kuanzia 1736 hadi 1795, kazi hizi zilifika kileleni. Ikulu ilitoa vichupa kama zawadi kwa maofisa na wageni. Katika karne ya 19 desturi ikashuka hadi kwa wafanyabiashara na watu wa kawaida, uzalishaji ukaongezeka. Karne ya 20 ilipoingia, sigara ikaufukuza ugoro, na mafundi wakaendelea kuchonga kwa ajili ya watalii na wakusanyaji wa kigeni.

Ukiyapanga haya, unapata makundi matatu ya kulinganisha: vichupa vya karne ya 18, ambavyo ni haba na vinapita kwenye minada mikubwa, vya karne ya 19, ambavyo mtu wa kawaida bado anaweza kuvipata, na vya karne ya 20 na 21, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni. Muuzaji anayesema bila kusitasita “hiki ni cha karne ya 19, labda katikati” anastahili kusikilizwa kuliko anayekuwekea jina la kaisari kwenye kila kitu.

Ndani ya kichupa

Jade na akiki hazichongwi kwa kisu, husagwa. Fundi wa zamani alianza kwa kekee, akatoboa shimo lililonyooka kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Kisha akaingiza vijiti vya chuma vilivyopindwa, akavizungusha pamoja na maji na mchanga mkali wa kusagia, akilila jiwe kidogo kidogo kuelekea mabegani. Hapo haoni anachokifanya. Anaongozwa na sauti na mguso wa chombo, na kosa moja linatoboa ukuta na kuharibu kazi yote.

Wewe unaweza kuisoma kazi hiyo kwa kijiti. Chukua waya mwembamba uliovishwa plastiki, upinde ncha yake karibu sentimita moja, toa kizibo, uingize polepole na kupapasa chini ya bega la kichupa. Kwenye kichupa kilichofanyiwa kazi, ncha inateleza kuelekea nje, inafuata umbo la bega, inashuka na ubavu hadi chini bila kukwama. Kwenye cha mzaha, ncha inagonga ukuta papo hapo. Unakuta mwili wenye upana wa sentimita 5, na ndani yake bomba lililonyooka la milimita nane au tisa, lenye kitako bapa kilichoachwa na kekee ya umeme. Kichupa cha namna hiyo hakikutengenezwa kubeba ugoro.

Jiwe likiwa linapitisha mwanga, tumia tochi ya simu. Iweke nyuma ya kichupa, ukitazame kutoka mbele. Uwazi wa ndani utaonekana wenyewe: ama unafuata umbo la nje, ama umesimama katikati kama mshumaa.

Halafu kuna jaribio maarufu la kuelea. Wakusanyaji hukisifu kichupa cha akiki kinachoelea majini, na sifa hiyo ina hesabu nyuma yake. Akiki ina uzito wa mara 2.6 ya maji. Ili kichupa chake kielee, jiwe lenyewe lisizidi asilimia 38 ya ujazo wote. Yaani zaidi ya asilimia 61 iwe uwazi. Jade ni jina la mawe mawili tofauti: kwa nefraiti uwazi lazima uzidi asilimia 66, na kwa jadeiti asilimia 70. Fikiria kuta nyembamba kiasi hicho, zimesagwa kupitia tundu la milimita sita. Ukitaka kujaribu, ziba mdomo kwanza, na usithubutu kwa kichupa kilichopakwa rangi ndani.

Lakini usifanye uwazi kuwa sheria isiyovunjika. Wapo mafundi wa Qing waliotumia jiwe la mtoni la nefraiti wakaliacha nene kwa makusudi, walihifadhi umbo la kokoto na ngozi yake ya kahawia. Na wapo mafundi wa leo wanaoweza kusaga ndani vizuri wakiona bei inaruhusu. Uwazi mzuri unakwambia kwamba mtu alijali. Wakati alipojali, hilo utalitafuta kwenye dalili nyingine.

Dalili ya karibu ni kitako. Kigeuze. Kichupa cha heshima kina ukingo mwembamba uliochongwa sawasawa kuzunguka kitako, na ndani ya ukingo pamebonyea kidogo na kung'arishwa kama sehemu nyingine yoyote. Kisha pitisha lenzi ya kukuza mara 10 kwenye mifereji ya nakshi. Kazi ya zamani inang'aa hadi kwenye kona, kwa sababu fundi alirudi na vumbi laini kusugua kila mfereji. Kazi ya haraka ya leo ina mikwaruzo sambamba ya kichwa cha mashine, kona zenye weupe wa unga, na mng'ao unaoishia juu tu.

Mawe, moja kando ya lingine

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu neno “jade” linabandikwa kwenye karibu kila jiwe jeupe au la kijani. Viwango vyenyewe ni hivi:

| Kitu | Uzito wa sentimita moja ya ujazo | Ugumu kwa kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni almasi) | Mng'ao |
|---|---|---|---|
| Nefraiti | gramu 2.9–3.1 | 6–6.5 | wa mafuta |
| Jadeiti | gramu 3.3–3.4 | 6.5–7 | wa kioo |
| Akiki na kwatzi | karibu gramu 2.6 | 6.5–7 | wa nta hadi wa kioo |
| Serpentini | gramu 2.5–2.6 | kwa kawaida chini ya 5.5 | wa nta |
| Kioo cha kawaida | karibu gramu 2.5 | 5–6 | wa kioo |
| Jiwe la sabuni | gramu 2.7–2.8 | 1 na zaidi kidogo | wa utelezi |

Safu ya uzito unaweza kuipima nyumbani bila kukigusa kichupa kwa kisu. Unahitaji mizani ya sonara au hata ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Pima kichupa kikavu bila kizibo. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga kichupa kwa uzi na ukizamishe chote, maji yaingie ndani na mapovu yote yatoke, bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni ujazo wa jiwe lenyewe. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Kichupa cha gramu 59 kikisoma 20 ndani ya maji, jibu ni 2.95, na una haki ya kufikiria nefraiti. Kikiwa na gramu 52 kwa 20 ileile, jibu ni 2.6: hiyo si jade hata muuzaji aape, ni kwatzi, akiki, serpentini au kioo. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani hupotosha hesabu, kwa hiyo kitikise ukirudia mara mbili tatu.

Kioo chenye madini ya risasi huleta utata, maana uzito wake unaweza kupanda hadi kuzidi 3. Hapo rudi kwenye lenzi: mapovu madogo ya mviringo ndani ya “jiwe” yanamaliza ubishi. Serpentini inatofautishwa na jade kwa ugumu, kwa kuwa ncha ya chuma huikwaruza, lakini usikwaruze kichupa cha mtu dukani. Jiwe la sabuni ni rahisi zaidi kulitambua. Ni lile kundi la mawe laini ambalo wachongaji wa Kisii nchini Kenya wamelifanya maarufu, na ukucha wenyewe unaweza kuacha alama.

Kati ya jade mbili za kweli, nefraiti na jadeiti, uchaguzi unagusa umri pia. Nefraiti ndiyo jade ya Wachina tangu kale, ikitoka Khotan upande wa magharibi ya mbali, na baada ya majeshi ya Qianlong kuliteka eneo la Xinjiang mwaka 1759 ilimiminika Beijing na Suzhou kwa wingi usio na mfano. Jadeiti ya kijani kikali ilitoka Burma, na ilianza kuingia kwa wingi mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo jadeiti ya kijani yenye alama ya Kangxi, aliyefariki 1722, inajipinga yenyewe.

Jadeiti ina hatari ya ziada. Tangu miaka ya 1980 mawe duni husafishwa kwa asidi, kisha hujazwa plastiki ya maji na pengine rangi. Kwa macho linapendeza. Chini ya lenzi rangi imejikusanya kwenye nyufa kama mishipa, na chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno plastiki mara nyingi hutoa weupe wa samawati. Mtu asiye na taa hiyo na asiye na cheti cha maabara, namshauri asinunue jadeiti kabisa.

Akiki ndiyo ninayoipendelea kwa mwanzo, na nitasema kwa nini. Jiwe lilikuwa jingi na la bei nafuu hata enzi hizo, kwa hiyo thamani ya kichupa inatoka kwenye kichwa cha fundi. Vile vizuri vya katikati ya karne ya 18 hadi katikati ya 19 vinatumia tabaka za rangi: weusi juu unakuwa farasi, tumbili au mvuvi, na ukuta wa kijivu unaachwa mtupu uwe anga au maji. Mtindo unaohusishwa na mji wa Suzhou ni mzito zaidi, una majabali, misonobari na wazee wakitembea chini yake, umechongwa kwa kina hadi mawe yanaonekana kutoboka. Mlaghai hapati faida kubwa kwenye akiki, kwa sababu jiwe la kweli ni rahisi kulipata. Anachoshindwa ni kuona picha ndani ya doa. Tazama basi kama doa limetumika lote. Kwenye kazi dhaifu rangi inamwagika nje ya ndege, au kichwa ni cheusi na mwili ni wa kijivu bila sababu. Rangi kali mno, ya bluu au ya waridi, kwa kawaida ni ya kutiwa.

Kwatzi safi isiyo na rangi, ile yenye nyuzi nyeusi au za dhahabu ndani, huvutia kwa urembo wa nyuzi zenyewe na mara nyingi huachwa bila nakshi. Marijani, kaharabu na feruzi vipo pia, na vyote vinaigwa kwa plastiki. Bila mtu wa kukupimia, pita.

Kioo usikidharau

Watu wanaposikia kioo wanashusha bei kichwani, ilhali rekodi inayotajwa sana ya kichupa cha ugoro iliwekwa na kioo. Novemba 2011, kwenye mnada wa Bonhams mjini Hong Kong, kichupa cha ikulu cha enzi ya Qianlong, cha kioo kilichopakwa enameli, yaani rangi ya kioo iliyochomwa motoni, yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kilifika dola milioni 25.3 za Hong Kong. Kilitoka kwenye mkusanyo wa Mary na George Bloch, uliouzwa kwa awamu kuanzia 2010 hadi 2015. Kile kilikuwa na uzito wa ikulu nyuma yake, lakini hata kioo cha kawaida cha karne ya 19 kina nafasi nzuri mbele ya mnunuzi mwangalifu.

Kioo cha kuchongwa kinatengenezwa kwa tabaka. Fundi anapuliza mwili wa kioo cheupe, au kile chenye chembe nyeupe zilizosambaa, anakichovya kwenye kioo cha rangi nyekundu, bluu au kijani, kisha mchongaji anaisaga rangi ya juu kwa magurudumu hadi ibaki nakshi tu: samaki, maua ya yungiyungi, joka wawili wasio na pembe. Ninapovilinganisha viwili vya namna hii, naanzia kwenye kingo za nakshi. Kingo za gurudumu zimesimama, zina pembe unayoihisi kwa ukucha, na kwenye uwanja mweupe kati ya maua lenzi inaonyesha mistari myembamba ya kusugua. Kilichomiminwa kwenye kalibu kina kingo za mviringo kila mahali na mstari wa kuungia ubavuni. Kilichoyeyushwa kwa asidi nacho kingo zake ni laini, na uwanja wake umefifia. Kuna na vya ovyo kabisa ambavyo “tabaka” ni rangi ngumu iliyobandikwa, inabanduka.

Dalili nyingine ninayoipenda: ukingo wa kitako uliotokana na rangi ileile ya nakshi, nyekundu juu na nyekundu chini, ukiwa umesagwa kutoka tabaka moja. Aliyepanga hivyo alikuwa anafikiria kichupa kizima.

Kwa fedha ileile, kioo chekundu juu ya cheupe cha karne ya 19 ni chaguo salama kuliko “jade nyeupe ya Qianlong”. Udhaifu wake ni mdomo. Kizibo kilichogongwa mara elfu huuvunja ukingo kidogo kidogo, na kuna wanaousaga ili kuficha jeraha. Shingo fupi kupita kiasi, isiyolingana na mwili, ndiyo inayotoboa siri.

Vilivyopakwa rangi ndani, na vingine kwa haraka

Hivi havikuchongwa, lakini utavikuta kwenye trei moja na vilivyochongwa, kwa hiyo inafaa kuvilinganisha. Fundi huusugua ukuta wa ndani ushike rangi, kisha huchora kinyumenyume kwa kalamu ya mwanzi iliyopindwa. Majina makubwa ya Beijing ni Zhou Leyuan, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 19, kisha Ma Shaoxuan na Ye Zhongsan waliofuata. Saini zao zimeigwa bila huruma. Mji wa Hengshui katika jimbo la Hebei uliibuka baadaye kuwa kitovu kikubwa cha sanaa hii kupitia Wang Xisan, aliyezaliwa 1938 na kujifunza kwa familia ya Ye. Ukitaka kazi ya leo ya fundi aliye hai, iliyosainiwa kwa jina lake na kuuzwa kwa bei ya leo, hapa utapata kitu halali na kizuri. Ukitaka cha kale, kioo cha kuchongwa kina mitego michache kuliko hivi.

Kauri za mji wa Jingdezhen zenye sura za watakatifu wa Kibudha au simba zinaonekana zimechongwa, kumbe zilitoka kwenye kalibu. Ni sanaa halali ya mwanzoni mwa karne ya 19, ila usilipe bei ya uchongaji. Laka nyekundu ya kweli, ya utomvu wa mti, hupakwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa kisu, kingo zake zikawa kali; ya kuigwa ni utomvu wa bandia uliomiminwa, mzito na wenye mapovu.

Pembe za ndovu: hapana

Kwenye hili silinganishi. Mapambo ya pembe kwenye vichupa yanaweza kuwa mazuri mno, na vichache kweli ni vya zamani. Lakini vingi vilichongwa Japani, Hong Kong na Beijing mwishoni mwa karne ya 19 na katika karne ya 20 kwa ajili ya wageni, vikachongwa jina la Qianlong chini ili bei ipande. Ni kundi lenye alama za uongo kuliko yote.

Na zaidi ya umri kuna ndovu. Karne ya 19 pembe za bara hili zilipita Zanzibar kwa majahazi na merikebu zikielekea Bombay, Ulaya na Marekani, zikiwa zimebebwa na watu waliotekwa au kukodiwa kutoka mbali sana na pwani. Sisi hatuwezi kulitazama jambo hili kwa mbali. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 ulioanza kazi 1990. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya pembe Juni 2022. Kenya iliteketeza tani 105 za pembe mwaka 2016. Ukishikwa nazo Nairobi au Dar es Salaam, hadithi ya “ni ya kale” haitakuokoa. Pembe ya kifaru na gamba la kasa ng'amba ni vivyo hivyo.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau: kijiko. Kichupa chako ni cha akiki, hakina tatizo, lakini kijiko kilichoning'inia kwenye kizibo kinaweza kuwa cha pembe au gamba la kasa. Muombe muuzaji akitoe kabla hujasafiri. Thamani ya kichupa haishuki kwa hilo.

Maandishi na kizibo

Herufi nne au sita za utawala wa Qianlong ziliwekwa na ikulu yake, zikaigwa kwa heshima na mafundi wa karne ya 19, zikaigwa kwa ulaghai na wa karne ya 20. Kwa hiyo uwepo wake hauthibitishi kitu, na kukosekana kwake hakupunguzi kitu. Vichupa vizuri vingi vya akiki havina alama yoyote. Alama ikiwepo, ilinganishe na kazi nyingine yote. Herufi zilizokwanguliwa kwa haraka, mistari ikiwa na upana tofauti na kona zenye unga, chini ya nakshi iliyong'arishwa vizuri, ziliongezwa baadaye.

Kizibo nacho kisikuhukumie umri. Vizibo vilipotea na kuvunjika, na wauzaji walivibadilisha ili rangi zipendezane. Cha marijani juu ya kichupa cheupe kinapendeza, ndiyo, lakini mara nyingi ndoa hiyo ni ya juzi. Mabaki ya ugoro ndani ni ushahidi dhaifu vilevile, maana chai na wino vinafanya kazi hiyo usiku mmoja.

Fedha, na nani achukue kipi

Cha mtalii, kilichotobolewa bomba, ni cha dola chache popote utakapokikuta, hata kikiwa ndani ya boksi la hariri. Kichupa safi cha karne ya 19 cha akiki au kioo, bila jina kubwa, kwa kawaida huenda kwa mamia ya dola kwenye minada midogo ya Ulaya na Marekani, na chenye picha ya kuvutia na uwazi mzuri huvuka elfu. Kupanda zaidi ya hapo kunatokana na mambo ambayo jicho pekee haliyaoni: karatasi ya mkusanyo wa zamani iliyobandikwa kitakoni, picha kwenye katalogi ya mnada wa miaka 50 iliyopita, mlolongo wa wamiliki. Ufa, hata mmoja, unaweza kukata bei nusu. Kwenye akiki usichanganye ufa na mshipa wa asili. Pitisha ukucha, ufa unaukamata.

Kwa anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo na kujikuta kwenye maduka ya jade karibu na hekalu la Hualin, ushauri wangu ni mmoja: nunua kazi mpya kama kazi mpya. Sheria ya China hairuhusu vitu vya kale vyenye thamani ya kihistoria vilivyotengenezwa kabla ya 1911 kutolewa nchini. Kwa hiyo anayekuuzia “cha Qing halisi” ukiweke kwenye begi, ama anakudanganya ama anakuingiza matatani. Hong Kong ina utaratibu wake tofauti, na wenye maduka ya kueleweka huko hutoa risiti inayotaja kipindi kwa maandishi.

Kwa aliye London, Toronto au Dubai na anataka kimoja tu cha kale, atafute akiki yenye picha ya asili au kioo cha rangi mbili, kwenye mnada unaoruhusu kushika bidhaa kabla ya siku ya kuuza, aende na waya wake na lenzi. Nefraiti aiache hadi awe ameshika vichupa vingi mkononi. Vitrini za makumbusho ya Metropolitan mjini New York na ya Victoria and Albert mjini London zina vichupa vya kila aina, na kuvitazama kunafundisha macho namna mabega na kitako vinavyopaswa kukaa.

Na kama tayari unacho, kimetoka kwa mzee au kwa mwajiri wa zamani, usikioshe wala kukipaka mafuta. Piga picha sita: mbele, nyuma, pembeni, kitako, mdomo ukiwa wazi kutoka juu, na moja yenye tochi nyuma yake. Andika uzito, urefu, na jibu la ule mgawanyo wa maji kama kichupa kinaruhusu. Idara ya sanaa ya Kichina ya nyumba kubwa ya mnada hukadiria kwa picha bila malipo, na ile picha ya tochi ndiyo itakayowafanya wakujibu haraka.